Namna kahawa inavyobadili vipimo vya ubongo
Mvuvi wa Rumonge arejeaye alfajiri kutoka Ziwa Tanganyika akinywa kahawa, usingizi humpungua. Kafeini huizuia adenosini, kemikali ya mwili iletayo usingizi na kutanua mishipa ya damu. Hivyo mishipa ya ubongo hujibana, na damu ipitayo humo hupungua kwa takriban robo.

Baadhi ya vipimo vya MRI hukadiria kazi ya ubongo kwa kufuata damu na oksijeni yake. Kwa hiyo kahawa yaweza kuyapotosha matokeo. Hata aliyeizoea akiiacha ghafla, damu huongezeka.

Basi anayepimwa aeleze amekunywa nini na saa ngapi. Lakini dalili za kiharusi hazingoji: aliyekunywa kahawa naye awahishwe hospitalini.