Wimbo Mmoja, Miaka Mitano

Leo tutasoma habari za wimbo mmoja wa Marekani na mtu aliyeutunga. Fuateni maneno kwa kidole, mstari kwa mstari, nami nitasoma polepole.

Wimbo wenyewe unaitwa "More Than a Feeling", maana yake "Zaidi ya Hisia". Ulitolewa mwaka 1976 na bendi iitwayo Boston, kwa jina la mji ulio mashariki ya Marekani. Muziki wao huitwa roki. Katika roki magitaa ya umeme hutoa sauti nzito, na ngoma hupigwa kwa nguvu. Lakini katika wimbo huu, juu ya kishindo hicho kuna sauti tamu ya kuimbika. Wimbo wasimulia habari za mtu anayesikia wimbo wa zamani, akamkumbuka msichana aliyekwenda zake.

Aliyeutunga ni Bwana Tom Scholz, aliyezaliwa mwaka 1947. Alikuwa injinia. Alipata digrii mbili katika chuo kikuu cha ufundi cha Massachusetts, kisha akaajiriwa na kampuni ya Polaroid, iliyotengeneza kamera za kutoa picha papo hapo. Mchana alifanya kazi ya kampuni. Usiku alishuka katika chumba kidogo kilicho chini ya nyumba, akafanya kazi ya muziki.

Sasa sikilizeni jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Mashine yake ya kunasa sauti ilikuwa na utepe wenye njia 12. Katika njia moja alinasa gitaa. Kisha aliurudisha utepe mwanzo, akasikiliza alivyopiga, na huku akapiga gitaa la pili, likanaswa katika njia nyingine. Ni kama kushona mkeka. Ukili mmoja ni mwembamba, lakini ukiushona na wa pili na wa tatu, mkeka hupanuka. Hivyo mtu mmoja aliweza kusikika kama kundi zima. Mwimbaji, Bwana Brad Delp, naye alinaswa mara nyingi, akaitikiana na sauti yake mwenyewe. Wimbo huo wa dakika zipatazo tano ulichukua miaka kama mitano kukamilika.

Makampuni kadhaa ya santuri yaliukataa muziki huo. Mwishowe kampuni ya Epic, iliyokuwa chini ya CBS, ikakubali, lakini kwa sharti: nyimbo zinaswe upya katika studio kubwa. Bwana Scholz hakutaka. Aliijua sauti anayoitafuta, na aliipata kwa vyombo vyake chumbani mwake.

Basi ikafanywa hila. Msimamizi wa kazi, Bwana John Boylan, akawachukua wanamuziki wengine mpaka Los Angeles, mbali zaidi ya kilomita 4,000. Wakuu wa kampuni wakadhani kazi yote yafanyika huko. Kumbe Bwana Scholz yuko chini ya nyumba, ananasa sehemu kubwa ya santuri! Baadaye tepe zikapelekwa Los Angeles kutiwa sauti za kuimba.

Santuri ikatoka Agosti 1976. Wimbo wetu ukafika nafasi ya 5 katika orodha ya nyimbo za Marekani. Santuri nzima, kwa miaka iliyofuata, ikauzwa nakala zaidi ya milioni 17 katika nchi hiyo peke yake.

Lakini kulikuwa na karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi. Mkataba ulitaka santuri 10 katika miaka 6. Twaeni kalamu tupige hesabu. Miaka 6 ni miezi 72. Gawanyeni kwa 10: kila santuri ilipaswa kumalizika kwa miezi 7 na siku chache. Na huyu ni mtu aliyekaa miaka mitano na wimbo mmoja!

Santuri ya pili ilitoka mwaka 1978, na Bwana Scholz aliona kuwa ameharakishwa. Ya tatu ikachelewa. Mwaka 1983 CBS ikamshtaki. Santuri hiyo ilitoka mwaka 1986, kwa kampuni nyingine, na kesi ikamalizika mwaka 1990. Bwana Scholz alishinda, lakini miaka saba ilikuwa imepita.

Wanafunzi, nanyi mtaletewa karatasi mtie sahihi: ya mkopo, ya shamba, au ya kazi. Tafuteni tarakimu kwanza. Ni vitu vingapi? Katika muda gani? Kisha jiulizeni kama mikono yenu yaiweza kazi hiyo. Asiyeweza bado kusoma yote, amwombe mtu anayemwamini amsomee kabla kalamu haijagusa karatasi.

Maneno ya kujifunza
Kunasa sauti: kuiweka sauti katika utepe ili isikilizwe tena.
Santuri: sahani yenye muziki ulionaswa.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Maswali
1. Bwana Scholz alifanya kazi gani mchana, na gani usiku?
2. Kwa nini wanamuziki wengine walipelekwa Los Angeles?
3. Mkataba ungesema santuri 3 katika miaka 6, kila moja ingepata miezi mingapi?

Andikeni majibu katika daftari zenu. Kwaherini.