Mvua, vigari vya gofu na 'Grease: Live': Seti ya muziki wa mubashara inavyofanya kazi

Jumapili ya Januari 31, 2016, mvua ilinyesha Burbank, California. Jioni hiyo kituo cha Fox kilikuwa kinarusha mubashara Grease: Live, tamthilia ya muziki iliyopangwa kuchezwa ndani na nje ya studio za Warner Bros.

Kuahirisha? Haiwezekani. Mamilioni walishakaa mbele ya TV.

Kipindi kikaanza kwa wakati. Jessie J akafungua kwa wimbo huku akitembea katika eneo la studio, na miavuli ikawa sehemu ya shoo.

Kwa nini ni kazi ngumu?

Kwenye filamu, tukio likiharibika linarudiwa. Kwenye ukumbi wa maonyesho, watazamaji huwa wamekaa mbali na jukwaa, kwa hiyo ukuta wa mbao uliopakwa rangi unaweza kupita kama wa matofali.

Mubashara kwenye TV huna nafuu hizo. Kamera inasogea hadi usoni mwa mwigizaji, kisha inageukia upande mwingine. Seti lazima ionekane ya kweli kila upande, na wakati huohuo ifiche nyaya, taa na kamera nyingine.

Seti inakuwa mhariri

Hapa hakuna wa kukata na kuunganisha picha baadaye. Kazi hiyo inabebwa na seti yenyewe.

Mbunifu wa seti ya Grease: Live alikuwa David Korins, ambaye pia alibuni jukwaa la Hamilton. Katika tukio moja, Keke Palmer anaanza kuimba akiwa chumbani na wasichana wenzake. Ghafla chumba kinageuka jukwaa la kutumbuiza wanajeshi, naye tayari amevaa gauni jekundu. Yote yanafanyika mubashara.

Na umbali kati ya seti moja na nyingine? Waigizaji walikimbizwa kwa vigari vya gofu. Matangazo ya biashara, yale yanayokuudhi nyumbani, kwao ndiyo yalikuwa muda wa kubadili nguo na kuwahi seti inayofuata.

Wengine hawahami kabisa

Aprili 1, 2018, NBC ilirusha Jesus Christ Superstar kutoka ukumbi wa zamani wa kijeshi Brooklyn, New York. Mbunifu Jason Sherwood alitumia jukwaa moja kubwa, watazamaji wakiwa karibu kabisa. Mwishoni ukuta wa nyuma ukafunguka kwa umbo la msalaba, na John Legend akapotelea kwenye mwanga. Badiliko moja tu, ila lilitosha.

Mambo yakienda kombo

Januari 2019, mwigizaji Brennin Hunt alivunjika mguu kwenye mazoezi ya mwisho ya Rent, siku moja kabla ya kurushwa. Fox ikalazimika kuonyesha sehemu kubwa ya mazoezi hayo yaliyorekodiwa, na sehemu ya mwisho tu ndiyo ikawa mubashara.

Ndiyo maana mbunifu hachori picha nzuri tu. Anapanga nani apite wapi, kwa sekunde ngapi, na itakuwaje mambo yakigoma.

Na ile Grease ya mvua? Mwaka huohuo timu ya Korins ilishinda tuzo ya Emmy kwa ubunifu wa seti.