Kenge huota meno maisha yote, mtoto wako hapati bahati hiyo

Swali la "meno ya plastiki" halituachi. Mtoto anaharisha, ana homa, ufizi umetuna mahali pa jino la chonge: apelekwe kwa mganga akang'olewe? Hapana. Ugonjwa wa "meno ya plastiki" haupo.

Kuna viumbe wasiojali kupoteza meno, lakini mtoto wako si mmoja wao. Kenge wa Mto Mara, mto unaopita kati ya Tarime na Serengeti, hufikia urefu wa mita 2. Meno yake yameungana na ubavu wa ndani wa taya, na mengine huota kuyarithi. Akiwa mdogo yote ni makali. Akikomaa, ya nyuma huota mafupi, manene na butu, ya kuvunjia konokono na kaa.

Mwenzake yuko kilindini mwa bahari: papa aitwaye Isistius brasiliensis, mwenye urefu wa nusu mita hivi. Mchana huzama zaidi ya mita 1,000. Usiku hupanda, humng'ata jodari au hata nyangumi, kisha hujizungusha mpaka mnofu wa mviringo ung'oke. Meno yake ya chini yameshikana mashinani kama msumeno, hivyo hutoka safu nzima kwa mkupuo, naye huimeza. Wanasayansi wanaamini kwamba kwa njia hiyo huirudisha kalsiamu mwilini.

Siri ni ukanda wa seli ndani ya ufizi unaochipusha meno. Kwa kenge na papa, ukanda huo hubaki hai. Kwetu husambaratika ukishaandaa seti mbili tu. Mwaka 2024, Kyoto nchini Japani, watafiti walianza kuwajaribia watu dawa ya kuotesha meno. Ni majaribio bado.

Sasa turudi kwa mganga wa "meno ya plastiki": anachokonoa ufizi wa mtoto kwa spoku ya baiskeli. Kile cheupe, laini, anachomwonyesha mama na kukiita mdudu, ni jino la chonge ambalo madini hayajalikaza. Chini yake limelala chipukizi la jino la ukubwani. Likijeruhiwa, jino litaota na kilema au halitaota kabisa. Hapo hatujataja kutoka damu, pepopunda na vifo. Watafiti Kikwilu na Hiza waliandika habari za ung'oaji huu nchini Tanzania tangu miaka ya 1990, na bado kuna wanaolipwa kuwatesa vichanga. Huo si uganga, ni ukatili.

Mtoto akiharisha, mpe ORS, endelea kumnyonyesha, mpeleke zahanati apimwe malaria na kupewa zinki. Macho yakizama au choo kikiwa na damu, usingoje kesho.