Sehemu ya Pili: Mbona Nyingine Zinanoga na Nyingine Zinachosha?

Wikiendi imefika, mmejinyoosha kwenye kochi na mwenzi wako. Yeye anataka ile ya maroboti, sehemu ya sita. Wewe unaguna, "Hivi hawa watu hawachoki?" Soma kwanza hapa kabla hamjanuniana.

Muvi za kisayansi, yaani zile za maroboti, mijusi mikubwa, safari za angani na dunia ijayo, zinazaliana sana. Nyingi zinatoka kwenye vitabu au vitabu vya katuni. Ya kwanza ikiuza, inafuata ya pili, ya tatu, mpaka stelingi anaota mvi. Wapo wanaosema zote ni ujanja wa kutafuta hela. Hapana, si zote. Kipimo ni kimoja tu: je, hadithi hiyo mpya ina jambo lake la kusema, au imekuja kurudia ya mwenzake kwa makelele zaidi?

MFANO UPO ZIWANI

Mtu wa Ujiji au Kigoma mjini hahitaji kwenda mbali kulielewa hili. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen iliundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili adui asiichukue. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo ni sehemu ya pili iliyoishi miaka mingi kuliko ya kwanza, kwa sababu ilipewa kazi mpya. Ya kwanza ilikuwa ya vita, ya pili ikabeba abiria na mizigo yao.

Vita hivyo vya ziwani vilimpa C. S. Forester wazo la riwaya ya The African Queen ya mwaka 1935, na mwaka 1951 ikawa sinema ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Si ya kisayansi, lakini inafundisha. Riwayani, boti ya wapenzi wale wawili inazama bila kutimiza lengo lake. Kwenye sinema, wanafungishwa ndoa na nahodha aliyetaka kuwanyonga, kisha meli ya adui inalipuka. Ndoa hiyo ya melini haimo kitabuni, ila mtazamaji wa sinema alitaka kuwaona wakioana, na akaoneshwa. Kitabu kikigeuzwa sinema lazima kitu kiongezwe na kingine kipunguzwe. Cha kujiuliza ni kama mabadiliko hayo yamezaa kitu.

KITABU KIKIGEUZWA

Chukua Jurassic Park. Kwenye kitabu cha Michael Crichton cha mwaka 1990, tajiri Hammond ni mtu wa tamaa na mwisho wake analiwa na wanyama aliowafufua. Steven Spielberg, mwaka 1993, alimfanya babu mwenye huruma anayetoka salama. Mafanikio ya sinema yakarudi kukivuta kitabu: Crichton alipoandika mwendelezo, The Lost World, mwaka 1995, alilazimika kumrudisha Ian Malcolm ambaye kitabu cha kwanza kilishamtangaza marehemu. Wale wa "stelingi hafi" mna ushahidi.

Lakini mwandishi huyohuyo alipogeuziwa Congo, riwaya ya 1980 iliyokuwa sinema mwaka 1995, mambo hayakwenda vizuri. Hadithi inatokea milima ya Virunga, kwenye nchi ya jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa. Kuna almasi, mji uliopotea uitwao Zinj, na sokwe jike aitwaye Amy. Kitabuni Amy anaongea kwa ishara za mikono. Kwenye sinema amevishwa glovu ya kielektroniki inayomtolea sauti. Glovu ikawa ndiyo kichekesho, yule mnyama mwenye akili akasahaulika. Wenyeji wao wakabaki wabeba mizigo na watu wa kuogopesha.

Wakati huohuo, ukweli wenyewe ulikuwa hapo Gombe, kaskazini kidogo ya Kigoma. Jane Goodall alifika mwaka 1960 na mwaka huohuo alimwona sokwe mtu akichokonoa mchwa kwa kijiti alichokiandaa mwenyewe. Hakuhitaji glovu, na dunia ilishangaa.

ANARUDI, LAKINI NA NINI?

Kwa mwendelezo, mwalimu ni James Cameron. Kwenye The Terminator ya 1984, Arnold Schwarzenegger ni mashine iliyotumwa kumuua Sarah Connor, mhudumu wa mgahawa. Mwaka 1991, kwenye ya pili, sura ni ileile lakini sasa mashine inamlinda mtoto wa Sarah, na mama aliyekuwa akikimbia ameshajifunza kupigana. Cameron alichukua kitu tulichokiogopa akatuambia tukiamini. Hilo ni jambo jipya.

Baada ya hapo? Ya pili ilitupa matumaini kwamba kesho inaweza kubadilishwa. Ya tatu, mwaka 2003, ikasema vita vitakuja tu. Dark Fate ya 2019 ikamuua mwanzoni kabisa yule mtoto tuliyehangaika naye muvi nzima. Mwendelezo mbaya zaidi ni huo: unafuta machozi uliyokwisha kuyalipia.

Tofauti yake ni Black Panther. Ya kwanza, mwaka 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Agosti 2020 Chadwick Boseman akafariki. Wangeweza kumweka mwigizaji mwingine kwenye nafasi ya mfalme T'Challa. Hawakufanya hivyo. Wakanda Forever ya 2022 inaanza na msiba, na Lupita Nyong'o na wenzake wanabeba hadithi ya watu waliofiwa. Ina kasoro zake: ndefu, na inapoteza muda kutambulisha watu wa muvi nyingine. Lakini ilikuwa na sababu ya kutengenezwa.

MTAFSIRI NAYE NI MTUNZI

Sasa tuje kwenye kibanda umiza. Wengi wetu muvi hizi hatukuzijua kwa Kiingereza. Tulizijua kwa sauti ya mtafsiri. Dar es Salaam alitamba Lufufu, ambaye kanda zake zilisambaa. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana akina VJ Jingo kwa Kiganda. Jamaa hawa hawatafsiri neno kwa neno. Wanamtania adui, wanaeleza mashine inafanyaje kazi, wanamwonya stelingi.

Kasoro zipo, tusifiche. Mara nyingi kazi hizo hazikuwa na kibali cha wenye muvi. Utani ukizidi, pale penye majonzi watu wanacheka. Na kibanda umiza kilikuwa zaidi mahali pa vijana wa kiume. Dada zao walikosa.

Lakini faida yake ni kubwa, hasa kwenu wenye wapenzi. Fikiria nyumba ambayo mmoja Kiingereza kinapanda na mwenzake hakipandi sana. Mmoja anacheka, mwingine anauliza, "Amesemaje?" Akiuliza mara tatu anajibiwa kwa mkato. Mara ya nne haulizi tena, anachukua simu yake. Mmekaa kochi moja lakini kila mtu yuko kwake. Sauti ya Kiswahili inawarudisha wote wawili kwenye hadithi moja, na hakuna anayejiona mjinga ndani ya nyumba yake.

KABLA HAMJABONYEZA

Kwanza, angalieni ya kwanza pamoja. Mwenzako akiingia sehemu ya pili bila kujua ya kwanza, utageuka mtafsiri usiyelipwa.

Pili, ulizaneni: hii ina nini kipya? Kama jibu ni "milipuko mikubwa zaidi", tafuteni nyingine.

Tatu, kama imetoka kitabuni, mmoja asome kitabu. Kubishana nani kaharibu nini ni mazungumzo matamu kuliko ya bili ya umeme.

Nne, msidharau za kwetu. Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ina dakika zipatazo 20 tu. Inaonesha Afrika Mashariki ijayo ambako vita vya maji vimepita na watu wanasafisha jasho lao ili wanywe. Itazame ukiwa Ujiji, kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, uone kama usiku huo utaacha bomba likichuruzika. Haina sehemu ya pili, wala haiihitaji.