Huria si Bure: Istilahi Moja na Matatizo Yake Maofisini

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika nyaraka za serikali katika miaka ya karibuni ni 'programu huria'. Istilahi hii hutajwa kwa programu za kompyuta ambazo maagizo yake ya asili, kama yalivyoandikwa na watunzi wake, hutolewa pamoja na ruhusa ya kuyasoma na kuyarekebisha. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi istilahi hii inavyochanganywa na nyingine zilizo jirani nayo, na jinsi mchanganyiko huo unavyozidisha matatizo ya ofisi zinazotaka kutumia programu hizo.

Dhana yenyewe ilienezwa na Mmarekani Richard Stallman, ambaye mwaka 1983 alitangaza mpango wa kutunga programu zitakazompa mtumiaji uhuru wa aina nne: kuitumia programu kwa kusudi lolote, kuichunguza na kuibadili, kugawa nakala zake, na kugawa nakala alizozirekebisha. Neno la Kiingereza alilolichagua lilikuwa na maana mbili, yaani uhuru na kutolipiwa, na watu wengi walishika maana ya pili. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mwaka 1998 wenzake wengine wabuni jina jipya lililosisitiza uwazi wa maagizo hayo. Kwa hiyo tatizo la jina si la Kiswahili peke yake.

Katika Kiswahili tumekutana na tafsiri tatu. Ya kwanza ni 'programu za bure'. Tafsiri hii haifai. Kwanza, inaacha kabisa maana ya uhuru. Pili, neno 'bure' kwetu halina maana ya kutolipiwa tu, bali pia lina maana ya kisicho na faida. Twasema 'kazi bure' na 'maneno ya bure'. Afisa masuuli aletewaye dokezo lenye maneno hayo aweza kufikia moja ya maamuzi mawili, na yote mawili ni makosa: ama kitu hiki hakihitaji kutengewa fedha katika kasma yoyote, ama kitu hiki hakina thamani, na aheri kinunuliwe kile cha ghali.

Tafsiri ya pili ni 'programu wazi'. Hii inakaribia maana iliyobuniwa mwaka 1998, lakini huzua hofu katika masijala. Mtunza majalada huuliza: je, nyaraka za siri nazo zitakuwa wazi? La hasha. Kilicho wazi ni namna programu inavyofanya kazi, wala si yale yaliyoandikwa kwa kuitumia. Yeyote aweza kujifunza jinsi kufuli linavyoundwa, na hata hivyo ufunguo wa kila kufuli hubaki kwa mwenyewe.

Tafsiri ya tatu ni 'programu huria', nayo ndiyo tunayoipendekeza. Neno 'huria' limekwisha kuzoeleka katika 'soko huria' na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba kitu huria hakina sheria. Ukweli ni kwamba programu huria hutolewa kwa leseni, na baadhi ya leseni hizo humtaka mtu anayegawa programu aliyoirekebisha aitoe pamoja na maagizo yake ya asili, kwa masharti yale yale aliyoipokelea. Watumishi wa serikali wamezoea kwamba leseni, kama ile ya biashara au ya udereva, hulipiwa na humwekea mtu mipaka. Mfasiri hana budi kueleza kwamba leseni hii ni hati ya kumpa mpokeaji haki, pamoja na wajibu wa kutowanyima wengine haki hizo.

Ipo istilahi nyingine inayohitaji hadhari, nayo ni 'msaada'. Mikataba ya kompyuta hutaja 'huduma ya msaada', na maofisini neno hilo hukumbusha kitu kinachotolewa na mfadhili bila malipo. Linapoambatana na 'bure', msomaji haoni tena kwamba kuna kazi ya kulipiwa. Ni afadhali kusema 'huduma ya ufundi' au 'matengenezo', maana kila mtumishi anaelewa kwamba matengenezo yana gharama.

Hatudai kwamba istilahi nzuri itaondoa matatizo yote. Mfano mashuhuri ni wa Jiji la Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza la jiji hilo liliamua kuzihamishia kompyuta zake zipatazo 14,000 kwenye programu huria. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka kumi, na hadi mwaka 2013 kompyuta zipatazo 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Ilibidi violezo vya barua na fomu vitengenezwe upya, watumishi wafundishwe, na nyaraka zilizoletwa na ofisi za nje katika miundo mingine zishughulikiwe. Mwaka 2017 baraza liliamua kurudi kwenye programu za kununuliwa. Kisha mwaka 2020 vyama vilivyounda uongozi mpya wa jiji vilikubaliana kutanguliza tena programu huria pale inapowezekana. Hivyo Waswahili wakasema, rahisi ghali: leseni isiyolipiwa haiondoi gharama ya mafunzo, ya kuhamisha nyaraka, wala ya mafundi.

Manufaa nayo ni ya kweli, na kwa wapenzi wa Kiswahili yanaonekana waziwazi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Wafasiri hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni yenyewe iliwaruhusu. Lakini kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya, na tafsiri isiyoendelezwa hupitwa na wakati. Hapa pia uhuru upo, na kazi ipo. Anayetaka uhuru bila kugharamia kazi atapata programu ambayo nusu yake ni ya Kiswahili na nusu ni ya lugha nyingine.

Kutokana na maelezo haya twapendekeza mambo matatu. Kwanza, 'programu huria' itumike katika nyaraka zote, na neno 'bure' liachwe. Inapobidi kutaja bei, isemwe 'isiyolipiwa leseni'. Pili, kila dokezo linalopendekeza programu hizo lieleze kwa maneno dhahiri gharama za mafunzo, za kuhamisha nyaraka na za matengenezo. Tatu, walimu wanapofundisha istilahi hii waifundishe pamoja na zile haki nne, kwani mwanafunzi wa leo ndiye atakayeandika au kusoma dokezo hilo kesho. Neno likieleweka vibaya mwanzoni mwa dokezo, hata hesabu zilizo sahihi mwishoni mwake hazitaaminiwa.