Mji tuliousoma ubaoni

ILIKUWA mchana wa Agosti 2024 tuliposhuka kwenye treni ya umeme pale Stesheni ya Magufuli, jijini Dar es Salaam. Abiria wenzetu walihangaika na mizigo na simu zao. Sisi wanne tulitoka nje tukasimama. Rafiki yetu tunayemwita Kiranja akaweka begi chini, akanyoosha mkono na kuanza kutaja kwa sauti: "Bandari ile kule. Mbele yake Feri. Ukiambaa na ufukwe unafika Ocean Road."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa akitusikiliza akacheka. "Mzee, majina yote umepatia. Ila huko unakoonyesha ni Buguruni. Bahari iko nyuma yako."

Kiranja alikuwa hajawahi kukanyaga Dar es Salaam hata siku moja. Wala mimi. Wala wenzetu wawili, dada anayeuza vitenge na fundi redio, ambao wote wana umri wa miaka arobaini na ushei kama sisi. Lakini mji ule tuliujua kwa moyo tangu tukiwa watoto.

Kibali cha Sabasaba

Sote wanne tulikulia Ulyankulu, mkoani Tabora, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka huo. Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanayafahamu makazi hayo, au wanayafahamu ya Katumba na Mishamo. Tulisoma kwa Kiswahili, kwa mitaala ya Tanzania. Mwalimu wetu wa jiografia alizoea kuchora ramani ya Dar es Salaam ubaoni: mlango wa bandari, Feri, Posta, Kariakoo, na reli inayoanzia pale na kuishia Kigoma. Tuliikariri ramani hiyo kama jedwali la kuzidisha. Kwenda kuiona ni jambo jingine, maana mkimbizi hakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali.

Mwaka 1994, tukiwa darasa la saba, shule ilichagua wanafunzi sita waende kuona maonyesho ya Sabasaba. Mimi na Kiranja tulikuwamo. Mama alinishonea kaptura mpya. Ofisi iliyohusika ikatoa vibali vyetu tarehe 9 Julai, siku mbili baada ya sikukuu yenyewe. Watoto wawili wa walimu, ambao hawakuwa wakimbizi, walikwenda bila sisi. Walituletea kalenda yenye picha ya Sanamu ya Askari. Ilibandikwa ukutani darasani hadi jua likaifuta rangi.

Mengine yanajulikana. Tarehe 7 Septemba 2006 makubaliano ya kusitisha mapigano kati ya Serikali ya Burundi na FNL yalitiwa saini, tena mjini Dar es Salaam, tuliyasikia redioni. Mwaka 2008 na 2009 zaidi ya watu 50,000 wa kundi la 1972 tulirejea Burundi. Mimi, dada wa vitenge na fundi tulikuwa miongoni mwao, na leo tunaishi Nyanza-Lac. Wengine zaidi ya 162,000 waliomba uraia wa Tanzania wakakubaliwa, na vyeti vyao vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Kiranja ni mmoja wao. Analima tumbaku kule kule tulikozaliwa.

Kupitia Mugina

Wazo la safari lilitoka kwa dada wa vitenge. Yeye huvuka mpaka wa Mugina kwenda Kigoma kununua mzigo karibu kila mwezi. "Miaka 30 imetimia tangu mnyimwe Sabasaba," alituambia. "Mnangoja nani awapeleke?" Tukaanza kuweka akiba kidogo kidogo, na likizo ya shule ilipofika tulikuwa na nauli.

Tulisubiri gari siku nzima kwa sababu ya uhaba wa mafuta, tukabadilisha faranga zetu mpakani, tukavuka. Upande wa Manyovu ofisa alifungua pasi yangu, akagonga muhuri, akanirudishia bila hata kuniangalia usoni. Zoezi lote halikufika dakika mbili. Fundi aliniuliza mbona nimesimama. Sikuwa na jibu la kumpa.

Kutoka Kigoma tulipanda basi alfajiri. Kiranja alitungoja Urambo, amevaa koti la harusi yake. Usiku tukalala Dodoma, na kesho yake tukapanda treni ya reli ya kisasa, iliyokuwa imeanza safari za kati ya Dodoma na Dar es Salaam wiki chache tu zilizopita. Kwa msomaji anayefikiria safari kama hiyo: sisi tulilipa shilingi 31,000 za Tanzania kwa daraja la kawaida, na safari ikachukua chini ya saa nne. Tiketi hukatwa kwa namba ya kitambulisho au pasi, kwa hiyo usiisahau nyumbani.

Askari wa kalenda

Kitu cha kwanza tulichokwenda kukiona ni kile cha kwenye kalenda. Sanamu ya Askari imesimama kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Tangu utotoni nilidhani ni jitu. Nilikuta askari wa kimo cha kawaida juu ya jiwe, amezungukwa na magari. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na imewekwa mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Wissmann.

Mrundi anayepita hapo ana sababu ya kusimama. Hadi mwaka 1916 Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani, na Dar es Salaam ndiyo ilikuwa makao makuu. Kanisa la Azania Front na lile la Mtakatifu Yosefu, yanayotazama bahari hadi leo, yalijengwa enzi hizo. Kwa hiyo mji huu uliwahi kuwa mji mkuu wa babu zetu, ingawa nadhani hakuna aliyewauliza.

Makumbusho ya Taifa tulikaa saa tatu. Kiranja alitaka afike kwenye habari za Zinjanthropus, lile fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, kwa sababu swali hilo alilikosa kwenye mtihani. Alisoma kila kibao, akatoka akisema sasa yuko tayari kurudia.

Kariakoo

Siku ya pili ilikuwa ya dada wa vitenge. Jina la Kariakoo linatokana na kambi ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, na hadi leo mtaa huo unaishi kwa watu wanaobeba mizigo. Jengo kubwa la soko, lililobuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kukamilika miaka ya 1970, liliungua Julai 2021, na tulipofika lilikuwa bado kwenye ukarabati. Lakini biashara imejaa mitaa yote inayolizunguka.

Dada aliingia duka moja hadi jingine na daftari lake, akiandika bei bila kununua. Jioni alitupigia hesabu mezani kwenye mgahawa. Kitenge kilekile anachonunua Kigoma, Kariakoo kilikuwa rahisi kwa shilingi elfu tatu hadi nne. Lakini ukiongeza nauli, chakula, malazi na usafirishaji wa mzigo hadi Nyanza-Lac, faida inapatikana tu kwa mwenye mtaji wa marobota. "Kwa mtu wa vipande 40 kama mimi," alisema, "Kigoma bado ndiyo Kariakoo yangu." Wafanyabiashara wenzake wa mpakani waipime wenyewe hesabu hiyo.

Ile kwaya

Asubuhi ya tatu tulikwenda soko la samaki la Feri. Muuzaji mmoja alimsikia fundi akijadili bei, akauliza: "Nyie kaka zangu, watu wa wapi?"

Tukanyamaza. Wasomaji waliorejea wanalijua swali hilo. Ulyankulu tuliitwa Warundi. Nyanza-Lac, tuliporudi na Kiswahili chetu bila neno la Kifaransa, tuliitwa Watanzania. Mwisho fundi akajibu, "Ulyankulu."

"Ulyankulu ya ile kwaya? Barabara ya 13?" Yule bwana akaweka kisu chini. Mama yake, alisema, alikuwa na kanda zao na alizipiga kila Jumapili. Akatuongezea vibua viwili juu ya vile tulivyonunua.

"Unaona," fundi akaniambia tukiondoka, "kanda zilifika Dar bila kibali."

Tulicheka hadi kwenye pantoni ya Kigamboni. Chombo kilipoachana na gati, bandari ikafunguka upande wetu, na makasha yamepangwa kama nyumba. Sehemu kubwa ya bidhaa tunazoagiza Burundi kutoka ng'ambo hupitia hapo. Uhusiano huo ni wa zamani: kwa mkataba wa mwaka 1921 Wabelgiji walikodishiwa eneo bandarini hapo na jingine Kigoma, kwa ajili ya mizigo ya Congo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Dada wa vitenge aliposikia alisema siku hizi faranga moja haipangishi hata kivuli.

Kiranja alikuwa ameegemea chuma, anaangalia maji. Nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu Urambo. Yeye ni raia tangu 2014. Kwa miaka kumi hakuna mtu aliyeweza kumdai kibali. Kwa nini hakuja?

"Nilikuja mara moja hadi Tabora, na nauli mfukoni," alisema. "Nikaona nitafika kule niangalie yale majengo, halafu nimwambie nani? Tulinyimwa wawili. Ninyi mlikuwa mmekwisha ondoka."

Sikuwa na la kumwambia. Mwaka 2009 tuliagana naye haraka, kwenye vumbi la malori, kila upande ukidhani mwingine amekosea. Hatukuwa tumelizungumzia tena, na hata kwenye pantoni hatukulimaliza. Tulishuka Kigamboni, tukala vibua vyetu kwa ugali chini ya mti, tukarudi na pantoni ya saa kumi.

Siku ya kuondoka tulipita tena kwenye sanamu. Kijana mpiga picha alitupanga mbele yake wanne, akatutolea nakala nne. Yangu iko nyumbani. Ya Kiranja, aliniambia kwa simu, ameipeleka shuleni kwetu Ulyankulu na kuomba ibandikwe ukutani.

Mwaka huu nimeanza kuandaa safari ya wanafunzi wangu kwenda Kigoma na Ujiji wakati wa likizo. Wanaishi karibu na mpaka, na wengi hawajawahi kuuvuka. Nimewaambia wazazi kwamba karatasi nazitaka mapema, na kwamba nitakwenda kuzifuatilia mwenyewe, ofisi kwa ofisi, hadi kila mtoto awe na yake mkononi.

Mwandishi wa makala hii ni mwalimu wa Kiswahili, Nyanza-Lac.