KABLA HUJATOA FEDHA, ULIZA



Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora. Mgeni aliyetaka kuhamia alikwenda kwa mwanangwa. Huyo ndiye aliyemwonyesha mahali pa kujenga tembe lake, na majirani walishuhudia. Karatasi haikuwepo. Ushahidi ulikaa vichwani mwa watu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Watu ni wengi, nyumba zinauzwa, na mashahidi wa zamani wanakufa. Ukigombana na mtu leo, utaulizwa: "Karatasi yako iko wapi?" Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, silaha unayo. Itumie.

Wapo wataalamu wanaolipwa na Serikali ili wakushauri. Kila halmashauri ina Afisa Ardhi. Wizara ya Ardhi nayo huendesha Kliniki za Ardhi. Huko hakuna sindano! Wataalamu hukaa pamoja, na wananchi huenda kuuliza habari za viwanja, hati na ugomvi wa mipaka. Tena, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kumsaidia bure mtu asiye na uwezo. Ubaya ni kwamba wengi wetu tunakwenda kuuliza wakati fedha zimekwisha liwa.

Mnunuzi

Tuchukue mfano. Mkulima ameuza tumbaku yake. Dalali anamwambia: "Ipo nyumba Isevya, bei rahisi, lakini lipa leo leo." Mkulima analipa usiku. Asubuhi anafika na godoro lake kichwani. Anamkuta mama anakoroga uji. "Unahamia kwa nani?" mama anauliza. Kumbe mumewe ameuza nyumba bila kumwambia!

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Basi, kabla ya kulipa, ongea na mume na mke pia. Waulize majirani. Nenda kwa Afisa Ardhi ukahakikishe kiwanja ni cha nani.

Kijijini inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, chini ya mwembe, haitoshi. Lazima Halmashauri ikae kikao na kukubali. Kisha omba hati ya hakimiliki ya kimila. Mke na mume wanaweza kuandikwa wote wawili. Mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi kwa sababu ni mwanamke haikubaliki kisheria.

Mpangaji

Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo ngao yako ni mkataba. Uandikwe hivi: kodi ni kiasi gani, ni ya miezi mingapi, nani atatengeneza paa likivuja, na notisi ya kuhama ni ya muda gani. Kila ukilipa, dai stakabadhi. Mkigombana, nendeni Baraza la Kata mkapatanishwe. Tangu mwaka 2021 Baraza hilo halihukumu kesi za ardhi, linapatanisha tu. Likishindwa, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwenye nyumba

Wengine wanaweka nyumba rehani ili wapate mkopo. Mkopo si mbaya. Lakini usipolipa, nyumba inaweza kuuzwa, nanyi mkabaki nje na watoto. Soma kila ukurasa. Uliza riba ni kiasi gani, na ukichelewa kulipa itakuwaje. Mwenzako naye asome. Zamani tulibonyeza dole gumba kwa sababu hatukujua kusoma. Leo ukitia sahihi karatasi usiyoisoma, utamlaumu nani?

Kuuliza si ujinga. Aliyeuliza hakupoteza ila muda wake. Asiyeuliza anaweza kupoteza jasho la miaka mingi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini yule mkulima alipoteza fedha zake?
2. Nani anakubali mtu apewe ardhi kijijini kwenu?
3. Mpangaji aandike mambo gani katika mkataba?
4. Je, jina la mke limeandikwa katika hati ya nyumba yenu? Kwa nini?